Nukta Tatu Nyuma ya Kipuli

Wiki iliyopita mliniacha kizingitini kwangu, Pandu ameshaondoka zake, na mimi bado nimeshika kipande cha waya wa fedha ambacho sikumbuki nilitaka kukifanya nini.

Kwa aliyechelewa kunisoma, nitasema kwa ufupi. Naitwa Thuwaiba. Nafua vipuli, bangili na pete za fedha chumbani kwangu Malindi, hapa Unguja mjini, kisha nazizungusha madukani, mjini na shamba. Mume wangu ni Ubwa, mnunuzi wa mbao. Mimi ni mke wa pili, na ndoa yetu ilikuwa ya kimyakimya. Baba mdogo aliniozesha, Pandu mdogo wake Ubwa akawa mmoja wa mashahidi, na Ubwa akaahidi kwamba mke wake wa Makunduchi atamwambia mwenyewe, kwa wakati wake.

Wakati wake haukufika.

Baada ya Idi ndogo alikwenda Tanga kutafuta mbao. Hakurudi, na simu yake ikawa haipatikani. Kisha ndiyo akaja Pandu. Hakutaka hata kukaa. Alisema: "Shemeji, kaka kasema usimngoje. Karudi kwa mkewe. Na ile pete yako kaitupa bandarini."

Pete ile nilimfulia mimi, ya fedha, yenye jiwe la akiki. Nilimvisha siku ya ndoa yetu na hakuwahi kuivua. Akitawadha aliizungusha tu kidoleni ili maji yapite chini yake.

Hapo ndipo tulipofikia. Leo nawaeleza jinsi nilivyojipamba.

Mwanamke mwengine akitupwa hujilaza akageukia ukutani. Mimi sikuweza, kwa sababu ya kazi. Mali yangu naiacha madukani kwa mali kauli, mwenye duka hunipa changu akishauza. Kwa hiyo lazima kwanza yeye mwenyewe aitamani. Na fedha ikiwa ndani ya kisanduku haitamaniki, inaonekana bati tu. Inataka sikio, inataka shingo.

Basi miaka yote hii kabati langu la kioo ni mwili wangu. Naingia dukani nimevaa vipuli, kidani, bangili mikono miwili, kipini puani, na vikuku miguuni ambavyo husikika kabla sijatoa salamu.

Tangu Pandu aje, nilizidisha. Sikutaka mtu yeyote Unguja aone kwamba nimetupwa. Nilitia wanja kila asubuhi. Nilijifukiza udi. Idi kubwa nilipaka hina mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikaenda saluni moja ya maharusi Bububu kuuza mikufu, na bwana harusi mmoja aliyekuja kumlipia mkewe akauliza bibi harusi ni yupi kati yetu. Tulicheka sana. Nataka mkikumbuke kicheko kile, kwa sababu mimi siwezi kukisahau.

Siku ninayoisimulia nilianzia Hurumzi, dukani kwa shoga yangu Badria, anayeuza madira na kanga za harusi. Yeye ni mmoja wa watu wachache waliojua kuhusu Ubwa.

"Bibi we! Leo umelitia duka zima mwilini," aliniambia.

"Nimekuja kuuza, sikuja kuzika."

"Naona. Lakini uso wako umeusahau nyumbani."

Nikamwekea vipuli juu ya meza. Hakuvishika. Alifunga nusu ya mlango, akanivutia kigoda.

"Thuwaiba, hebu nambie. Kakuacha, hajakuacha?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Talaka ni neno. Ama limesemwa ama halijasemwa."

"Pandu kasema nisimngoje."

"Pandu hana talaka. Talaka anayo mume. Nenda kamtafute akutazame usoni aseme, nimekuacha, au aseme, wewe bado mke wangu. Utakaa hivi mpaka lini? Si mke, si mtalaka."

"Nimfuate kwa mke mwenzangu? Asiyejua kama nipo?"

Badria akakigonga kisanduku changu kwa kucha.

"Unacho hicho. Muuza vipuli anapiga hodi mlango wowote anaoutaka, na hapana anayemuuliza kafuata nini."

Nilimwambia ana wazimu. Nilipofika nyumbani nikachagua nguo za kuvaa kesho yake.

Kwa hiyo jueni nilichokifuata Makunduchi. Sikukifuata kitu chake, wala sikwenda kufanya fujo. Nilitaka neno moja kutoka kinywani mwake: nimekuacha, au sijakuacha.

Kesho yake nilipitia Jambiani kwanza, kwa sababu nina vitu katika duka la kijana mmoja anaitwa Anuar, linalouzia wageni. Nilijiambia napita kukusanya mauzo. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa inaogopa kufika.

Anuar alinirudishia karibu vyote.

"Dada, usinichukie," alisema. "Vitu vyako vizuri. Lakini wageni wa mwaka huu wanataka shaba na simbi za baharini. Vya fedha wanavitazama, wanavipiga picha, halafu wanakwenda zao."

"Si neno."

"Labda umpelekee yule bibi wa Makunduchi. Yeye ndiye anayevipenda."

Nikaacha kufunga kisanduku.

"Bibi gani?"

"Yule anayeniletea sabuni za mwani. Anazitengeneza mwenyewe. Kabla ya Ramadhani alikuja hapa, masikioni kavaa vipuli vyako. Nikamwambia, bibi, fundi wa hivyo namjua. Akavua kimoja, akakigeuza, akanionyesha nukta tatu nyuma. Akaniuliza, hii alama ya nani?"

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ya Thuwaiba, wa mjini. Nimekosa?"

"Hujakosa."

"Siku hizi haji lakini. Sabuni zishamalizika, nampigia simu hapokei."

Nukta tatu ni alama yangu. Kila ninachokifua nakigonga kwa sindano ya chuma mara tatu kwa nyuma, ijulikane ni changu. Na Makunduchi sijapata kuacha hata kishikizo. Nilipakwepa kwa makusudi, kwa heshima ya mke mwenzangu, mwenye mji.

Ila Ubwa alikuwa na mteja.

Alikuwa akija na kuniambia, "Nifulie vipuli vyepesi, Thuwe, nna mteja wangu shamba, masikio yake hayataki uzito." Mara nyengine, "Nifulie bangili," na kunitolea uzi mfukoni aliopimia mkono wa mteja huyo. Mimi nikiupokea uzi, nikikata fedha kwa kipimo chake, huku naimba. Sikuuliza mteja ni nani. Nani anamuuliza mumewe kwa nini anamletea kazi?

Kumbe nilikuwa najua unene wa mkono wa mke mwenzangu kabla sijauona uso wake.

Hasira iliyonishika Jambiani sitaificha. Nilivaa na vile alivyorudisha Anuar, juu ya vile nilivyokuwa navyo. Vidani viwili. Bangili mpaka karibu na kiwiko. Nilisema moyoni: Ubwa, leo utaniona, na mkeo ataniona, na atakayeona haya si mimi.

Nyumba niliijua kwa maelezo yake mwenyewe. Mlango wa buluu, nyuma ya skuli, ukuta wa mawe ambao alikuwa hajaumaliza kuupaka chokaa. Ukuta ulikuwa bado haujamalizwa.

"Hodi!"

"Karibu. Pita ndani, mimi sitoki."

Nikaona: ndiyo maringo haya. Hata kuinuka hataki. Nikapandisha pazia la mlango nikaingia.

Alikuwa mwanamke mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, amekaa juu ya mkeka. Kanga alizojifunga zilikuwa kuukuu, zimepauka. Masikio yake hayakuwa na kitu ila vijiti vya ufagio alivyovitia ili matundu yasizibe. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kuona kwamba Ubwa hampambi tena.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu mwanangu, kaa."

Nilikaa, nikafungua kisanduku, na nikapaza sauti. Mbele yangu palikuwa na mlango wa chumba cha ndani, umerudishwa, na niliamini Ubwa yuko humo.

"Bibi, nimekuletea vitu vya fedha safi! Vya mume kumvisha mkewe! Mume anayemjua mkewe, si yule anayetupa na kusahau! Tazama bangili hizi, mume mwenye ahadi zake..."

"Mwanangu," alinikata kwa upole. "Punguza sauti. Nyumba ina eda."

Sikuelewa. Nilikuwa nishajiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo.

"Eda ya nani?"

"Yangu mimi. Nimefiwa na mume wangu."

"Mume gani?"

Swali la kijinga mno, lakini ndilo lililotoka.

"Nlikuwa naye mmoja tu," alisema. "Ubwa. Alikwenda Tanga baada ya Idi ndogo, kifua kikambana, hakumaliza hata wiki. Wamemzika kulekule. Hata uso wake sikuuona."

Bangili zangu zikaanza kulia. Mikono ilikuwa inatetemeka, na zile bangili nilizojijaza kwa hasira zikawa zinagongana, na nikizikamata za mkono huu zinalia za mkono ule. Nikaibana mikono yote miwili katikati ya magoti mpaka zikanyamaza.

Kafa. Hakunitupa. Hakuniacha kwenye mataa, hakurudi kwa mtu yeyote. Kafa, na mimi nilikuwa nampigia simu na kumtukana isipoita.

Ndugu zangu, mnajua mjane anatakiwa aweje. Asitie wanja. Asipake hina. Asijifukize. Asivae kinachong'aa wala kinacholia. Akae ndani amlilie mumewe. Na mimi tangu mume wangu afe nilikuwa nazunguka kisiwa kizima kutoka mlango mmoja hadi mwengine, nimevaa fedha kutoka utosini mpaka kwenye kifundo cha mguu, nacheka na mabwana harusi wa watu.

Na sikuweza kulia. Hilo ndilo lililonikata zaidi. Muuza vipuli amlilie mume wa nani?

"Pole sana, bibi," nilisema. "Mungu amrehemu."

"Amin."

Nikaanza kukusanya vitu. Kifuniko cha kisanduku kikakataa kufunga, au mikono ndiyo iliyokataa.

"Unatetemeka," alisema.

"Nimetoka mbali."

"Kunywa maji kwanza. Yamo kwenye mtungi hapo nyuma yako." Akanitazama nikinywa. Kisha akanyoosha mkono. "Hicho kipuli ulichovaa. Nipe nikione."

"Bibi, wewe una eda."

"Sinunui, wala sivai. Nataka kukitazama nyuma."

Nilijua amekusudia nini. Ningeweza kusema nimechelewa gari nikatoka. Nikavua kipuli nikampa.

Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akakaa nacho muda, kidole gumba kinapita juu ya zile nukta. Akainuka, akafungua sanduku lake la nguo, akatoa leso iliyofungwa. Ndani yake vilikuwamo vyote: vipuli vyepesi vya masikio yasiyotaka uzito, na bangili mbili. Akavipanga juu ya mkeka kando ya changu, mgongo juu.

"Wewe Thuwaiba," alisema.

"Naam."

"Mimi Mwanamwema. Nadhani jina langu unalo."

"Ninalo."

"Ubwa alikuwa akitoka mjini, nguo zake zinanuka moshi wa mfua fedha. Mnunuzi wa mbao huyo. Mara ya kwanza nlisema labda kapita kwa sonara. Akawa ananuka hivyo kila mara." Alisema bila ya ukali, anaviweka sawa vile vipuli. "Anuar aliponitajia jina lako, nlijua. Lakini sikumuuliza Ubwa. Nlitaka aniambie mwenyewe, mimi mkewe, nisitafute maneno kama mpelelezi. Nikangoja. Kafa hajanambia. Sasa nambie wewe. Ulikuwa nani kwake?"

Neno lile sikuwahi kulitamka mbele ya mtu wa upande wake.

"Mkewe," nilisema. "Kwa mahari na kwa mashahidi. Mkewe."

Nilingoja anifukuze. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kila kidani, kila bangili, na macho yake yakabadilika.

"Na umevaa hivyo?"

"Sikujua! Wallahi sikujua kama kafa! Nimekuja kwako kwa sababu nimeambiwa yuko kwako. Nimeambiwa kanitupa, karudi Makunduchi, hanitaki. Nimejipamba ili anione!"

"Nani kakwambia?"

"Pandu."

Mwanamwema alijishika mdomo. Nikaona kwamba hilo lilikuwa geni kwake kama kifo kilivyokuwa kigeni kwangu.

"Vua," alisema mwishowe.

"Nivue nini?"

"Vyote. Eda haingoji mtu aambiwe. Yako inakwenda toka siku aliyokufa, sawasawa na yangu. Vua, mwanangu, vua."

Sikuweza vishikizo, akanivulia yeye. Alifungua vidani, akanishusha bangili moja moja, akapiga magoti akanitoa na vikuku. Kipini nilikitoa mwenyewe. Kisha akachovya ncha ya kanga yake kwenye maji akanifuta wanja, taratibu, jicho moja kisha la pili, na hapo ndipo kilio kiliponitoka.

Nililia kama sijapata kulia. Nilimlilia Ubwa aliyefia ugenini kifua kimembana. Nililia kwa zile simu. Na nitawaambia lililo baya zaidi, maana nimeahidi tangu wiki ya kwanza kutoficha: nilimwonea wivu Mwanamwema. Sikumwonea wivu wa mume. Yeye alipata kumlilia. Watu walimjia wakamkalia matanga, wakamsomea khitma, wakampikia, wakamwambia pole. Mimi hakuna aliyeniambia pole. Mimi niliambiwa, leo umependeza.

"Pole," Mwanamwema aliniambia, kichwa changu kiko mapajani mwake. "Pole, mke mwenzangu."

Nilimwomba jambo moja. Nilimwomba anikubalie nikae eda iliyobaki pale, naye, juu ya mkeka ule.

"Ingekuwa vyema ukae kwako," alisema. "Lakini kwako nani atakayejua kama umefiwa? Kaa."

Sikupata hata nafasi ya kumshukuru.

"Hodi, shemeji!"

Ilikuwa sauti ya Pandu, nje ya mlango. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa, na kumbe kila siku akitoka msikitini hupita kumuuliza mke wa kaka yake anahitaji nini. Ndani haingii. Mke wa ndugu si maharimu, na mwenye eda zaidi. Husimama nyuma ya pazia, wakasemezana hivyo.

Mwanamwema aliniwekea kidole midomoni, akanifunika kanga.

"Karibu, Pandu. Simama hapohapo. Nna suala."

"Naam, shemeji."

"Kaka yako alikuwa na mke mjini?"

Nikasikia viatu vyake vikisogea nje.

"Nani kakuletea maneno hayo?"

"Nimekuuliza wewe."

"Hakuwa naye. Watu wa mjini hao, hawana kazi."

Mwanamwema akachukua kipuli kimoja katika vile vya kwake, akakisukuma chini ya pazia.

"Nyuma ya hicho pana nukta tatu. Fundi wake nani?"

Nilisikia akikiokota.

"Alikuwa naye," alisema Pandu, sauti imeshuka. "Lakini alimwacha. Tanga, kitandani, kabla hajafa. Sikukwambia, sikutaka kukutonesha."

Hebu fikirini. Katika alasiri moja nimeambiwa mume wangu kafa, na kabla machozi hayajakauka naambiwa hakuwa mume wangu. Nilitaka kuinuka. Mwanamwema akanikandamiza bega nikae.

"Alimwacha kwa talaka ngapi?" aliuliza.

"Shemeji, mambo hayo..."

"Kama alimwacha moja, akafa siku hizohizo, yule bado ni mjane wake. Anakaa eda ya kufiwa kama mimi. Hilo tumesomeshwa chuoni sote, hata wewe."

Pandu akakohoa.

"Alimwacha tatu," alisema.

"Tatu."

"Tatu. Nimesikia kwa masikio yangu."

Tatu hazina mlango wa nyuma. Kama ni tatu, mimi si mjane wa mtu. Sina eda ya kukaa, sina mkeka, sina haki ya ile pole niliyopewa. Ni mpita njia aliyelia katika nyumba ya watu. Mkono wangu wenyewe ulikwenda kwenye lile rundo la fedha, nivae niondoke. Mwanamwema akaukamata akaushikilia.

"Umetoka kusali sasa hivi?" alimwuliza Pandu.

"Naam."

"Basi udhu unao. Ntakuletea msahafu, uweke mkono uyaseme hayo."

"Shemeji! Tumefika huko? Mimi mdogo wake, namtaja marehemu, nikuapie kwa msahafu?"

"Sikiliza. Mke akinyimwa eda ya mumewe kwa neno lako, wewe ndiye utakayeulizwa. Kama ni kweli, kiapo kina uzito gani? Tia mkono."

Alikwenda kwenye rafu, akautoa msahafu kwenye mfuko wake wa kitambaa. Akaja nao kwa mikono miwili, akakaa karibu na ukingo wa pazia, kiasi cha mkono kufika. Mimi nilikuwa kando yake. Nilikuwa nasikia Pandu anavyopumua.

Pazia likainuka kidogo. Mkono ukaingia.

Niliijua pete ya kidoleni kabla sijaujua mkono. Fedha, na jiwe la akiki, na ubavuni kovu dogo la pale nyundo iliponiteleza siku nilipoifua. Pete yangu. Pete niliyoambiwa imetupwa bandarini, na aliyenidanganya kuhusu pete hashindwi kunidanganya kuhusu talaka. Ilikuwa inampwaya Pandu, inacheza kidoleni, kwa sababu niliipima kwa kidole cha mtu mwengine.

Mkono ukatua juu ya msahafu.

"Wallahi," alianza Pandu.

Sikufikiri. Nilitoa mkono wangu ndani ya kanga, mtupu, hauna hata bangili moja, nikaukamata wake.

Mnajua kwetu mwanamume akiguswa na mwanamke asiyekuwa maharimu wake, udhu umekwenda. Na asiyekuwa na udhu mkono wake haukai juu ya msahafu. Mwanamwema aliuinua msahafu palepale akaukumbatia kifuani, na kiapo kikabaki nusu.

"Nani huyo?" Pandu aliuliza. "Shemeji, nani huyo uliye naye?"

Nilijibu mwenyewe.

"Mjane wa kaka yako."

Nilitegemea auvute mkono. Hakuuvuta. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na ile pete ilikuwa inagonga kidogokidogo kwenye mfupa wangu, kwa sababu sasa aliyekuwa anatetemeka ni yeye.

"Pandu," nilimwambia, "sitaki kingine. Aliniacha, au hakuniacha?"

Mwanamwema akaushikilia msahafu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika bega. Kisha akalisogelea pazia.

"Sasa sema," alimwambia, "bila ya kuapa."